Chembe Zilizoogelea Upesi Mno

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze kazi niifanyayo tangu nilipoondoka shuleni. Kwanza nilifikiri kueleza habari za masomo ya juu, lakini naona habari za namna hiyo mmekwisha kuzisoma nyingi, nazo zote hufanana: mtu alisoma kwa bidii, akashinda mtihani, akapanda ndege. Basi mimi nitaeleza habari ya kosa. Ni kosa langu mwenyewe. Lilinichukua karibu miezi mitatu kuligundua, na alikuwapo mtu chumbani mle mle aliyekwisha kunionyesha, nami nisimsikilize.

Kazi yangu ni kupima mwendo wa chembe ziogeleazo. Najua wengine mtacheka, mkiuliza mtu mzima aliyesoma hawezaje kukaa mchana kutwa akitazama vidudu vya majini. Lakini wale mliozaliwa kando ya Ziwa, upande wa Busoga, mmesikia kwa wazee habari za malale. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 200,000 katika nchi hii, na vijiji vizima vikaachwa pori. Mwaka 1903 daktari David Bruce alikuja Entebbe kuuchunguza, na kijidudu chake, kiogeleacho katika damu kwa mjeledi mmoja mwembamba, hata leo kinaitwa kwa jina lake. Sasa jambo la ajabu ni hili: ukiukata mjeledi ule na kuutazama kwa hadubini yenye nguvu sana, ndani yake utaona jozi tisa za vijimirija zimezunguka vijimirija viwili vya katikati. Na mpango huo huo utauona katika mwani wa kidimbwini, na katika vinyweleo vinavyosafisha koo zetu wenyewe. Kwa hiyo mtu atakaye kujifunza habari za mjeledi hana haja ya kushika kijidudu cha hatari. Atachota mwani.

Mwani wetu unaitwa klamidomonasi. Yamkini mmekwisha kuuona, maana mimi niliuona mara ya kwanza katika maji ya kidimbwi kilicho nyuma ya mabweni, kwa hadubini ile ya shule yenye kioo cha kukinga jua. Ni chembe moja ya kijani, mviringo, upana wake kama mikroni 10. (Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, basi ukizipanga chembe 100 kwa mstari utapata milimita moja.) Mbele ina mijeledi miwili, nayo huipiga kama mara 50 kwa sekunde, mfano wa mtu aogeleaye kifudifudi akitupa mikono yote miwili nyuma kwa pamoja. Kwa sekunde moja huenda kama mikroni 100, yaani mara kumi ya urefu wa mwili wake. Nayo ikiacha kupiga, husimama papo hapo. Haitelezi mbele kama mtumbwi uliokwisha kupigwa kasia, maana kwa kiumbe mdogo kiasi hicho maji ni mazito kuliko asali ilivyo kwetu. Edward Purcell, mtaalamu wa fizikia wa Marekani, alilieleza jambo hili vizuri sana mwaka 1977, na maelezo yake yakawa sababu ya mimi kuipenda kazi hii.

Zamani watu walipima mwendo huo kwa jicho na saa. Siku hizi tunaweka kamera juu ya hadubini, inapiga picha 30 kwa sekunde, na kompyuta inafanya kazi iliyobaki. Programu huitafuta kila chembe katika picha ya kwanza na kuipa namba, kisha huitafuta katika picha ya pili, na ya tatu, mpaka chembe itoke machoni. Halafu hupima umbali iliokwenda kati ya picha moja na ya pili, ikauzidisha kwa 30, na hapo unapata mwendo wa sekunde moja. Nawaomba mkumbuke neno hilo, kuzidisha kwa 30. Programu haina saa. Imeambiwa kwamba picha ni 30, nayo imekubali.

Mwanzoni nilipata taabu za kawaida, ambazo kila mtu wa kazi hii huzipata. Siku ya kwanza chembe zangu zote ziliogelea upande mmoja kama ng'ombe waendao mtoni. Nilifurahi sana, nikidhani nimeona jambo jipya, mpaka nilipoona kwamba hata mavumbi yaliyomo yalikuwa yakienda nayo upande ule ule. Kumbe maji yalikuwa yakikauka pembeni mwa kioo na kuvuta kila kitu. Niliua chembe chache kwa tone la iodini, nikazipiga picha, na programu ikaniambia kwamba maiti zangu zinaogelea mikroni 12 kwa sekunde! Nikajifunza kuziba kingo za kioo kwa mafuta mazito ya kujipaka, na tangu siku hiyo kila asubuhi huanza na maiti. Zikitembea, sina kazi ya kufanya mpaka zitulie.

Taabu nyingine ilikuwa ya kuchanganya majina. Nilikuwa nikiweka chembe nyingi mno, ili nipate hesabu kubwa, na mbili zikipishana programu ilimpa huyu namba ya yule, kama mwalimu mgeni anayeita mapacha. Dawa yake ni kupunguza chembe. Tena kulikuwa na shida ya mwanga. Klamidomonasi ina doa dogo jekundu la kuonea, na taa ya hadubini huifanya ikimbilie mwangani au ikimbie mwanga, kwa kadiri ya ukali wake. Tulikinga taa kwa kioo chekundu, maana mwanga mwekundu haiujali sana, nayo ikatulia. Hayo yote niliyaweza kwa wiki tatu, na bila shaka hapo ndipo kiburi kilipoanza kuniingia.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Bibi yangu alikuwa na majani anayoyachemsha kwa ajili ya homa. Niliyachukua, nikayakausha, nikatengeneza maji yake, nikayatia katika mwani kwa kipimo. Nilitaka kujua kama yatadhoofisha mijeledi. Chembe zilizokuwa katika maji matupu ziliogelea kama mikroni 90 kwa sekunde. Zile zilizotiwa dawa ziliogelea karibu 180. Nilirudia siku ya pili, ikawa vile vile. Nilirudia mara sita. Tena niliona katika picha kwamba chembe zilizotiwa dawa si mviringo tena, ila zimerefuka kama yai la bata, nami nikaandika daftarini, kwa wino: dawa yazirefusha chembe na kuziongezea nguvu.

Ndugu zangu, nilikuwa kama mtu aliyeokota almasi. Mkuu wetu wa kazi alifurahi pia, akapeleka muhtasari kwenye mkutano wa wataalamu. Mwanafunzi mmoja, mdogo wangu kwa miaka minne, akapewa kazi ya kutafuta ni kitu gani ndani ya majani kinacholeta mbio zile. Nami nilipokwenda nyumbani nilimwambia bibi mbele ya watu kwamba majani yake yatasikika duniani. Bibi hakusema neno, aliendelea kumenya ndizi.

Katika maabara yetu alikuwako mhudumu mmoja, mtu wa makamo aliyepita, ambaye sote tulimwita Mzee. Kazi yake ilikuwa kuosha vioo na chupa, na kuchota maji kwa ndoo, maana bomba la chumba cha pili lilikuwa bovu. Jioni nilikuwa na desturi ya kucheza tena filamu zangu za siku ile, kuangalia kama programu imezifuata chembe sawasawa. Kila filamu niliipiga kwa dakika moja, nikihesabu kwa saa yangu ya mkononi. Basi jioni moja Mzee alisimama nyuma yangu na ndoo yake, akaniambia, "Mwalimu, filamu zako za dawa huisha upesi."

Nikamwuliza ana maana gani.

Akasema, "Ndoo yangu hii hujaa kwa dakika moja hivi. Ukicheza filamu ya maji, huisha ndoo inapojaa. Ukicheza ya dawa, huisha maji hayajafika nusu. Nimetazama siku nyingi."

Mimi nilicheka. Nilimwambia, "Mzee, kompyuta haikosei saa." Akaitika, "Haya, mwalimu," akaenda zake. Sikufikiri tena neno lake, wala sikumwuliza swali la pili. Mzee hakuwa amesoma kupita darasa la sita, nami nilijua hivyo, na sitaki kujificha nyuma ya udhuru mwingine.

Wiki tatu zikapita. Wakati huo yule mwanafunzi alikuwa taabuni. Zamu ya kamera ilikuwa haimfikii, kwa hiyo alitumia njia ya kale. Aliweka chembe katika kile kioo chenye miraba cha kuhesabia damu, akachungulia kwa jicho, akapima kwa saa muda ambao chembe huchukua kuvuka mraba wenye upande wa mikroni 200. Kila mara alipata sekunde mbili na kitu, ikiwa kuna dawa au hakuna. Mkuu akamwona mvivu, akamwambia mbele yetu sote kwamba kama mkono wake hauna uangalifu afadhali atafute somo jingine, na kwamba atapewa mpaka mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwapo. Nilimhurumia, lakini nilinyamaza, maana mimi pia nilimwona mvivu.

Usiku ule sikulala vizuri. Sikuwa nikiwaza habari za ndoo, la. Nilikuwa nikiwaza ile namba. Tisini na mia na themanini. Dawa ya kweli ingeleta 130, au 165, au siku moja hivi na siku ya pili vile. Namba yangu ilikuwa mara mbili kamili, siku zote sita. Mimea haina desturi ya kuzidisha kwa mbili. Mashine ndizo zenye desturi hiyo. Kwanza nilishuku kipimo cha urefu, kwamba labda mtu amebadili ukubwa wa picha na kila pikseli sasa ni nusu ya mikroni badala ya mikroni moja. Kulipokucha nilichukua ile rula ya kioo, milimita moja iliyogawanywa sehemu 100, nikaipiga picha. Kipimo kilikuwa sawa. Basi ikiwa urefu si wenye kosa, umebaki wakati. Na hapo, nikiwa nimesimama na rula mkononi, nikaikumbuka ndoo.

Nilipiga filamu mbili za kioo kitupu, kila moja dakika kamili. Ya kwanza niliacha mwanga wazi. Ya pili nilifumba kile kilango cha mwanga kilicho chini ya meza ya hadubini, kadiri nilivyokuwa nikikifumba nikipiga chembe zilizotiwa dawa. Kisha nikahesabu picha. Katika ya kwanza zilikuwamo 1,798. Katika ya pili zilikuwamo 903.

Nieleze vizuri, maana huenda mmoja wenu akashika kamera ya namna hii. Maji ya majani yale yalikuwa na ukungu, na chembe hazikuonekana vizuri ndani yake. Kwa hiyo nilikuwa na mazoea, bila hata kufikiri, ya kukifumba kidogo kilango cha mwanga, maana ukikifumba kingo za chembe hukolea. Lakini mwanga nao hupungua. Kamera ilikuwa imeachiwa ijipime yenyewe. Ilipoona giza ilifumbua jicho lake muda mrefu zaidi kwa kila picha ili ipate mwanga wa kutosha, na ikifumbua jicho muda mrefu haiwezi tena kupiga picha 30 kwa sekunde. Hupiga 15. Picha ikatoka nzuri, yenye mwanga ule ule, wala hapakuwa na alama ya kuonyesha kwamba kuna kilichobadilika. Chembe iliyokwenda mikroni 3 kati ya picha na picha sasa ilikwenda 6, na programu, mtiifu siku zote, ikazidisha kwa 30. Hata ule urefu wa yai la bata ulikuwa ni chembe kusogea wakati jicho la kamera liko wazi, kama mkono wa mtu apungaye katika picha ya harusi.

Mtauliza kwa nini sikuona kwa macho yangu. Nami nilijiuliza hivyo. Nilipocheza filamu zile chembe zilikwenda mbio kweli, maana dakika nzima ilibanwa katika nusu dakika. Jambo ambalo sikulifanya hata mara moja, tangu kamera ilipofungwa, ni kuinamisha kichwa na kuchungulia. Mwanafunzi yule alichungulia kila siku, kwa kuwa hakuwa na kamera.

Nilikwenda kwake kwanza, kabla ya mkuu. Nilimkuta akiosha vioo vyake. Nilimweleza yote, na kwamba hesabu zake ni za kweli na zangu ni za uongo. Alikaa kimya, kisha akafungua daftari lake akanionyesha. Mwanzoni, katika wiki ya pili tu, alikuwa ameandika kwa penseli kwamba dawa haina athari. Halafu akaifuta. Maandishi yalionekana bado chini ya kifutio. Akasema, "Kaka, nilidhani nimekosea mimi, kwa kuwa wewe ulikuwa umekwisha kupata."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa neno hilo sikuwa nimejiandaa.

Mkuu alikasirika, kama ilivyo haki, lakini muhtasari uliondolewa siku ile ile, na mwanafunzi aliombwa radhi mbele ya watu wale wale. Tulirudia kazi yote kwa namna mpya. Kamera tuliikataza kujipima, tukaipa muda mmoja wa kufumbua jicho, mfupi, kwa filamu zote. Kilango cha mwanga tukakitia alama ya rangi na hakuna ruhusa ya kukigusa. Tena Mzee ndiye aliyetia dawa katika chupa nusu na maji matupu katika nusu nyingine, akaziandika namba, na orodha akaiweka mfukoni mwake. Sisi tulipima bila kujua ipi ni ipi. Tulipomaliza chupa 24 aliitoa orodha, akaisoma kwa sauti, pole pole, akitupa nafasi ya kuandika. Zilizotiwa dawa: mikroni 89 kwa sekunde. Zisizotiwa: 91. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile iliyokuwapo kati ya chupa mbili za maji matupu.

Kwa Mzee nilikwenda mwisho, na ilinipasa niende kwanza. Nilimwambia kwamba neno lake lilikuwa kweli na mimi nilimcheka. Akasema hakuona kama nimemcheka, aliona nina haraka. Sijui kama alisema hivyo kwa adabu tu. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mara ya pili. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto, akasema, "Mwalimu, nilikuwa nimekwisha kukuambia."

Bibi naye nilimwambia, mbele ya watu, kama nilivyomsifu mbele ya watu. Yeye ndiye aliyecheka. Alisema hakuniambia kamwe kwamba yale ni majani ya kuogelea, alisema ni ya homa, na kwamba kama ningemwuliza kwanza angeniokolea taabu zangu zote.

Mwanafunzi yule alimaliza shahada yake, na sasa ana wanafunzi wake mwenyewe. Ile njia ya miraba na saa huwafundisha wote kabla hawajaruhusiwa kugusa kamera. Mzee amekwisha kustaafu. Bomba la chumba cha pili limetengenezwa, lakini ndoo yake iko bado chini ya bomba letu, na mtu yeyote akipiga filamu mpya huifungulia maji na kutazama. Hujaa kwa dakika moja na sekunde nne. Nimeipima.